Lango Lililofunguka Saa Sita

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Tuhfa alifagia uwanja, akawatilia kuku maji, kisha akapita bwawani kumwamkia Mzee Maulid. Bwawa lilikuwa nyuma tu ya mikoko, mwisho wa kijiji chao cha Kigandini, na Mzee Maulid ndiye aliyekuwa mlinzi wake.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Umelala salama? Bibi hajambo?"

"Hajambo. Samaki je?"

"Wanakula kuliko weye," mzee alijibu kila siku, na kila siku Tuhfa alicheka kana kwamba hajawahi kuusikia utani huo.

Hakuwa babu yake wa damu. Lakini alimjua tangu akibebwa mgongoni, na ndiye aliyemfundisha kuogelea, kwa hiyo alikuwa babu yake na mambo yakaishia hapo.

Bwawa lile lilikuwa la kikundi cha akina mama. Walifuga mwatiko, samaki weupe wanaong'aa, na mwenyekiti wao alikuwa Bi Mwanaasha, bibi yake Tuhfa. Maji ya bwawa yalitoka baharini kwa kupitia hori, mfereji wa maji chumvi unaopita katikati ya mikoko. Bahari ilipojaa, Mzee Maulid alinyanyua lango la mbao, maji mapya yakaingia, kisha akalishusha kabla bahari haijaanza kutoka. Kufungua lango bahari ikiwa imejaa ni kuwapa samaki maji mapya. Kufungua bahari ikiwa imetoka ni kuyamwaga maji yote ya bwawa na kuwaacha samaki kwenye tope. Hilo hata mtoto wa chekechea wa Kigandini alilijua.

Shida ni kwamba lango lilikuwa zito na mgongo wa Mzee Maulid ulikuwa umechoka. Ndipo Mwalimu Praxeda, aliyesimamia klabu ya kompyuta shuleni, alipopata wazo. Wanafunzi wangetengeneza mashine ya kufungua lango: mota ya kuvuta, umeme wa jua, na kompyuta ndogo ndani ya sanduku la plastiki lenye kioo kidogo cha kusomea maandishi.

Kazi ya programu waligawana wawili. Bryson wa kidato cha pili, kijana mpole ambaye wazazi wake walifanya kazi katika shamba la mkonge, aliandika programu kubwa. Tuhfa wa kidato cha kwanza aliandika skripti.

"Sikilizeni vizuri tofauti yake," Mwalimu Praxeda aliwaambia. "Programu ya Bryson lazima kwanza igeuzwe yote kuwa lugha ya mashine, hapa shuleni. Ikishageuzwa imefungwa. Ukiwa bwawani huwezi kubadili hata neno moja. Lakini skripti ya Tuhfa ni maandishi ya kawaida. Mashine huyasoma pale yanapohitajika. Ukitaka kubadili mstari, unabadili hapo hapo, na programu kubwa haina habari."

"Sasa zitazungumzaje, mwalimu, ikiwa moja imefungwa na nyingine iko wazi?" Tuhfa aliuliza.

"Kwa kuitana. Ndani ya skripti utaandika kitendakazi, yaani kipande cha maagizo chenye jina lake. Tukiite chagua_saa. Programu ya Bryson italiita jina hilo na kukikabidhi safu. Safu ni namba zilizokaa kwenye foleni, kila moja na nafasi yake. Hapa kila namba ni kimo cha maji ya bahari kwa saa moja ya siku, kutoka kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa. Kitendakazi chako kitaipitia foleni ile, kitafute wapi maji ni mengi wakati wa mchana, kisha kirudishe jibu: fungua saa fulani. Programu itatii. Haitauliza mara mbili."

Tuhfa alielewa, na alifurahi mno. Jioni ile aliwatangazia wenzake kisimani kwamba yeye ndiye ubongo wa mashine, Bryson ni mikono tu. Alitia chumvi kidogo. Haya, alitia nyingi.

Alipokaa kuandika, swali moja likamjia. Namba ya kwanza katika foleni ni ya saa ngapi? Bryson alikuwa meza ya pili tu. Ingetosha kugeuza shingo na kusema, "Bryson, safu yako inaanzia wapi?" Lakini ubongo wa mashine utaiulizaje mikono? Aliona haya. Akajijibu mwenyewe: nani asiyejua kwamba saa huanza na saa moja? Jua likichomoza ni saa moja asubuhi, kisha saa mbili, kisha saa tatu. Ndivyo alivyohesabu bibi yake, ndivyo ilivyohesabu saa ya ukutani nyumbani kwao. Kwa hiyo namba ya kwanza aliifanya kuwa ya saa moja asubuhi, ya pili saa mbili, hadi mwisho.

Bryson, kwa upande wake, aliipanga safu kama kompyuta inavyoipanga siku, kuanzia saa sita za usiku. Hakudhani kuna mtu angepanga vingine.

Skripti ilipokubali bila kulalamika na kutoa jibu, Tuhfa alipiga makofi. Mwalimu Praxeda akamnyooshea kidole cha kumtania.

"Usiniambie imekubali. Hata maneno ya uongo mashine inayakubali. Niambie umeijaribu kwa siku unayoijua. Nenda kamuulize bibi yako jana maji yalijaa saa ngapi, halafu ipe skripti yako namba za jana. Majibu yakilingana, ndipo uniambie tayari."

"Sawa, mwalimu."

Na kweli alikusudia kujaribu. Lakini jioni ile jirani walikuwa na harusi, ngoma ikaanza mapema, na Tuhfa na shoga zake wakaenda kutazama bibi harusi akipakwa hina. Aliporudi alikuwa amechoka. Asubuhi Mwalimu Praxeda alimkuta getini.

"Umeijaribu?"

"Nimeijaribu, mwalimu."

"Na bibi yako amesemaje?"

"Yanalingana."

Maneno yalimtoka kwa urahisi kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuyasikia uzito wake. Mwalimu alimpiga kofi la furaha begani, na Alhamisi ile wakaifunga mashine bwawani. Mzee Maulid akaambiwa asiliguse tena lango. Akina mama walipiga vigelegele. Ijumaa alfajiri mwalimu akapanda basi kwenda Lushoto kumwona mama yake mgonjwa, akaahidi kurudi Jumatatu.

Ijumaa hiyo Tuhfa alitoka shule mchana akapita njia ya bwawani kama kawaida. Kabla hajafika aliwasikia kunguru. Hawakuwa wawili watatu, walikuwa kundi zima, wakipiga kelele na kushuka na kupanda juu ya mikoko. Alianza kukimbia bila kujua kwa nini anakimbia.

Bwawa halikuwepo. Palikuwa na tope jeusi linalong'aa, na juu ya tope samaki wamelala ubavu, wengine wakirukaruka, wengi wametulia kimya. Katikati yake alikuwa Mzee Maulid, kanzu yake nyeupe ya Ijumaa ameipandisha hadi magotini, ndoo mkononi, anaokota samaki walio hai na kuwamimina katika pipa la maji.

"Nimekwenda kuoga na kuswali tu, Tuhfa!" alisema huku akihema. "Nimeondoka lango limefungwa. Wallahi limefungwa! Nimerudi nimelikuta wazi!"

Tuhfa aliliangalia sanduku la mashine lililofungwa kwenye nguzo. Kwenye kioo chake kidogo paliandikwa: Saa sita mchana. Maji yamejaa. Lango wazi.

Saa sita mchana, tena siku za bamvua, wakati bahari inapotoka hadi miamba ikaonekana! Alilitazama hori. Lilikuwa limekauka, kaa wanatembea. Hapo akili yake, ambayo siku zote ilikuwa nyepesi, ilifanya hesabu bila kuombwa. Namba ya sita. Kwenye safu ya Bryson, ikiwa inaanzia saa sita usiku kama kompyuta zote, namba ya sita ilikuwa ya saa kumi na moja alfajiri, bahari ilipokuwa imejaa kweli. Yeye ameiita saa sita mchana.

Akina mama walikuwa wanakuja mbio. Bila kufikiri, Tuhfa alirudi nyuma akaegemea nguzo, mgongo wake ukakifunika kioo kile.

"Uwii! Samaki wetu!" Bi Bertha alipiga kelele. Alikuwa Mbondei, mchapakazi, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko wote katika kikundi. "Mzee, umefanya nini?"

"Sijagusa kitu, mama. Lango limefunguka lenyewe."

"Lenyewe! Saa hizi, bahari iko kule, lango lifunguke lenyewe? Sema ulitaka kuvua wako wawili watatu wa kitoweo, ukasahau kufunga!"

"Bertha, taratibu," Bi Mwanaasha alisema. Alikuwa amesimama ukingoni, kanga imemdondoka begani, anawatazama samaki ambao walibakiza wiki chache tu wavuliwe kabla ya mfungo wa Ramadhani. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Tuhfa. Weye ndiye unayeijua mashine hii. Yaweza kufungua lango maji yakiwa yametoka?"

Kila mtu alimtazama. Mzee Maulid naye alimtazama, ndoo mkononi, tope hadi kwenye ndevu. Macho yake yalikuwa na matumaini, na Tuhfa aliyaona matumaini yale waziwazi.

"Haiwezi," alisema.

"Una hakika, mwanangu?"

"Ndiyo, bibi. Tuliijaribu."

Mzee Maulid aliinamisha kichwa akaendelea kuokota samaki. Bi Mwanaasha alisema kwa sauti ya chini kwamba mzee akapumzike nyumbani mpaka kikundi kikae Jumatatu kuamua, lakini kila mtu alijua uamuzi utakuwa upi.

Usiku Tuhfa hakula. Alisema tumbo linamuuma, na hapo walau hakudanganya.

Jumamosi asubuhi alikwenda bwawani peke yake. Alitoa mkobani kibodi ndogo ya klabu, akaichomeka kwenye sanduku, akaifungua skripti yake. Mwalimu alisema kweli: unabadili hapo hapo, na programu kubwa haina habari. Aliufuta mstari mbovu, akaandika kwamba namba ya kwanza ni ya saa sita usiku, akahifadhi. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Kosa lililoua samaki halikuwepo tena popote duniani, isipokuwa kichwani mwake.

Alitegemea moyo utatulia. Haukutulia. Alijiona kama mtu aliyeficha damu chini ya mkeka.

Jioni akina mama walikuwa wamekusanyika kuondoa samaki waliokufa. Bahari ilipojaa hadi kwenye mizizi ya juu ya mikoko, mota ililia, lango likanyanyuka lenyewe, na maji mapya yakaingia kwa kishindo. Wakati ulipotimia likashuka.

"Mnaona?" Bi Bertha alisema, mikono kiunoni. "Mashine haina neno. Inajua maji kuliko saa yangu. Ubaya ni wa mtu."

"Mashallah, mjukuu wangu," Bi Mwanaasha alimwambia Tuhfa mbele ya wote. "Angalau weye hukutuangusha."

Siku hiyo, wakati wa chakula cha usiku, bibi alimpa Tuhfa kipande kikubwa cha samaki, mmoja wa wale waliookolewa na Mzee Maulid. Tuhfa alikitazama kipande kile sahanini. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na sahani yake.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba, bibi."

"Umeshiba nini, na tangu jana hujatia kitu kinywani?"

Tuhfa alisukuma sahani kando. Alikwenda kulala akajifunika gubigubi, ingawa joto lilikuwa kali.

Jumapili baada ya alasiri palipigwa hodi. Tuhfa alikuwa jikoni akikuna nazi, na kwa tundu la ukuta wa makuti alimwona Mzee Maulid amesimama uwanjani. Mkononi alikuwa na ufunguo wa kibanda cha bwawani, tochi, na koti la mvua walilompa akina mama. Koti alikuwa amelikunja vizuri.

"Karibu, Mzee Maulid. Pita ukae," Bi Mwanaasha alisema.

"Sikai, mwenyekiti. Nimeleta vitu vya kikundi kabla ya kuitwa. Ni vizuri zaidi nikivileta mwenyewe."

"Kikao ni kesho, mzee. Hatujaamua."

"Nawapunguzia kazi." Mzee aliviweka vitu barazani, akasimama akiviangalia. "Bi Mwanaasha, nilisema sikugusa. Nimelala siku mbili nikiwaza. Mashine imejaribiwa, mtoto amesema. Jana nimesimama kwa mbali nikaiona, imefungua sawasawa kabisa. Basi mwenye makosa ni nani? Labda ni miye. Labda nililinyanyua lango kwa mazoea, nikaenda zangu kuoga, na sikumbuki." Aliinama akalinyoosha tena lile koti. "Marehemu baba yangu alianza hivyo hivyo. Alisahau jiko, akasahau njia ya nyumbani, mwisho alisahau majina yetu. Nimemwambia mwanangu aje anichukue, anipeleke Pongwe nikakae kwake. Mtu wa namna hiyo haachwi peke yake karibu na maji."

Jikoni mbuzi ya kukunia nazi ilianguka. Tuhfa hakukumbuka alivyosimama wala alivyotoka. Alijikuta uwanjani, nazi imemganda vidoleni, na machozi yanamtiririka.

"Babu, hujasahau! Hujasahau kitu! Ni mimi!"

Wazee wote wawili waligeuka.

"Ni mimi niliyekosea hesabu. Namba ya kwanza ilikuwa ya saa sita usiku, mimi nikaifanya ya saa moja asubuhi. Mashine iliona maji ya alfajiri ikafungua saa sita mchana. Wala sikuijaribu. Nilimdanganya mwalimu kwamba nimeijaribu, nikakudanganya na wewe, bibi. Jana asubuhi nikaibadilisha kwa siri. Ndiyo maana jioni imefungua vizuri." Alipiga magoti mbele ya Mzee Maulid. "Babu, nisamehe. Akili yako ni nzima. Mimi ndiye mbaya."

Mzee Maulid alitafuta ukingo wa baraza kwa mkono, akakaa polepole. Alijifuta uso kwa kofia yake.

"Sikusahau," alisema, kama anajiambia mwenyewe. "Alhamdulillahi. Sikusahau."

Hakumfokea, na hilo lilimuumiza Tuhfa kuliko kufokewa. Angepigwa, angalau angejua amelipa.

Bi Mwanaasha ndiye aliyekasirika. Midomo yake ilikuwa imekazana, na aliponena hakupandisha sauti.

"Nilikuuliza mbele ya watu, ukanijibu uongo mbele ya watu. Kesho ni kikao. Ya kweli utayasema mbele ya watu wale wale, kwa kinywa chako. Miye sitakusemea neno hata moja."

"Ndiyo, bibi."

"Na vitu hivi, Mzee Maulid, chukua urudi navyo. Si vyangu."

Jumatatu jioni kikundi kilikutana kando ya bwawa. Mwalimu Praxeda alikuwa amerudi kutoka Lushoto, na Bryson alikuja naye. Mkutano ulipofunguliwa Bi Bertha alianza kusema kuhusu kutafuta mlinzi mwingine, lakini mwenyekiti akamnyamazisha kwa mkono, akasema, "Kuna mtu ana neno."

Tuhfa alisimama. Alipiga moyo konde, akachomeka kibodi, akaurudisha ule mstari wa zamani mbele ya macho yao, na kumwomba Bryson aipe skripti namba za Ijumaa. Programu kubwa ikakiita kitendakazi chagua_saa, ikakikabidhi safu, na kioo kikaandika upya: Saa sita mchana. Maji yamejaa.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa," Tuhfa alisema. "Mstari huu ni wangu. Bryson hana kosa, na Mzee Maulid hana kosa. Nilijua tangu Ijumaa. Niliposimama pale kwenye nguzo nilikuwa nakificha kioo msikione."

Kunong'ona kulienea. Mtu mmoja alisema "Loo!" kwa sauti. Tuhfa hakuinua macho. Masikio yalimwaka moto, na alihisi kila jicho likimchoma mgongoni na usoni kwa wakati mmoja. Bryson, aliyekuwa karibu naye, alisema kwa sauti ndogo ya mtu aliyeumia, "Nilikuwa meza ya pili, Tuhfa. Ungeniuliza tu."

Bi Bertha alikuwa ameduwaa. Hatimaye alinyanyuka, akamwendea Mzee Maulid, akapiga goti moja kwa shida kwa sababu ya unene wake.

"Mzee, nilikuita mwizi mbele ya kadamnasi. Ulimi wangu huu una mbio mbaya. Nisamehe."

"Nimesamehe, mama. Inuka, usije ukashindwa kuinuka," mzee alijibu, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha ahueni.

Ndipo Mwalimu Praxeda aliposimama. Aliwaomba radhi akina mama kwanza, kwa sababu, alisema, naye alilipokea neno la Tuhfa bila kuomba kuonyeshwa, kisha akafunga safari. Kisha akamgeukia mwanafunzi wake.

"Tuhfa, kuhesabu kuanzia saa moja si dhambi. Sisi sote hapa tunahesabu hivyo. Wakubwa wanaotengeneza mashine kubwa hukosea mwanzo wa safu kila siku, wakagundua, wakarekebisha. Kosa lako la hesabu lilikuwa la mstari mmoja, na wewe mwenyewe umeona linavyofutika haraka. Lakini ulikuwa na haya ya kuuliza, haya ikazaa uongo mdogo kwangu. Uongo mdogo ukahitaji uongo mkubwa kwa bibi yako. Na ule mkubwa ukamfanya mtu mwenye akili timamu aanze kujiogopa mwenyewe. Haya ya kuuliza ingekwisha kabla hujamaliza kupepesa macho. Hii uliyo nayo sasa utakaa nayo. Kaa nayo vizuri, ikufundishe. Asiyejua na akasema sijui, tutamwonyesha. Asiyejaribu na akasema nimejaribu, tutamwamini, na hapo ndipo tutakapoumia."

Tuhfa alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalimdondokea miguuni.

Kikundi kiliamua kwamba Mzee Maulid anabaki, na hakuna lango litakalofunguka tena bila yeye kuwepo. Mashine nayo ilibaki, lakini ikazimwa hadi itakapothibitishwa. Na Tuhfa kila siku baada ya masomo angeshuka topeni pamoja na akina mama kulisafisha bwawa kwa ajili ya vifaranga wapya wa samaki. Hakunung'unika. Alichota tope hadi kucha zake zikawa nyeusi, na wenzake wa kisimani walipomcheka wakimwita ubongo wa mashine, alinyamaza.

Mambo hayakurudi kama zamani mara moja. Asubuhi alipompitia Mzee Maulid alisema shikamoo akitazama chini, na mzee aliitikia marahaba, lakini ule utani wa samaki hakuutoa. Tuhfa aliuhitaji utani ule kuliko alivyowahi kudhani.

Vifaranga waliletwa siku moja ya mawingu, wadogo kama vijiti vya kiberiti. Akina mama waliwamimina bwawani taratibu. Mashine iliwashwa upya. Mwalimu na Bryson walisimama kando, na Mzee Maulid akasogea karibu na sanduku, mikono nyuma, akamtazama Tuhfa aliyekuwa amemaliza kuandika.

"Haya, mjukuu wangu. Umeijaribu?"

Uso wa Tuhfa ulipata moto tena, moto ule ule wa siku ya kikao. Lakini safari hii aliinua macho, akamwangalia mzee usoni.

"Bado, babu," alisema. "Jana maji yalijaa saa ngapi?"

Mzee Maulid akamwambia. Tuhfa akaziingiza namba za jana, programu ikakiita kitendakazi, na wote wakainama kusoma kioo. Majibu yalilingana. Akauliza ya juzi, yakalingana. Akauliza ya siku iliyotangulia juzi, mpaka Bi Bertha akalalamika kwamba jua linazama na vifaranga wana njaa.

"Waacheni," Mzee Maulid alisema, huku akichota pumba kwenye ndoo. "Hawa wanakula kuliko weye, Tuhfa. Ulizia na ya Ijumaa ile."